Furu Katika Ukuta wa Sebule

Kahama, Jumamosi, Novemba 1996

Mvua ya alfajiri imeacha ua mzima unanuka udongo, na mimi nimekaa sebuleni na daftari magotini, nacheka peke yangu. Leo ndiyo siku niliyokuwa naiogopa mwezi mzima.

Binti yangu Zahra akikua na kulisoma daftari hili, ajue ilivyokuwa. Ukuta wa sebule yetu una kioo cha futi nane, na nyuma ya kioo kuna maji, mawe tuliyoyapanga kama mwamba wa ziwani, na samaki. Nyuma ya hapo kuna chumba cha mashine: pampu, mabomba, betri za gari za kushikilia umeme ukikatika, na pipa la maji juu ya kichanja. Chumba hicho kilikuwa stoo ya mama yake. Magunia yake ya mchele, chupa zake za achari na cherehani yake vimerundikwa chumbani kwetu tangu Machi, na usiku nikishuka kitandani najikwaa.

Kwa hiyo mwezi uliopita mimi na Mama Zahra tulipatana. Samaki wakikaa mwezi mzima wazima, chumba ni changu. Hata mmoja akianza kudhoofika, ukuta unazibwa na stoo inarudi. Nilikubali mbele ya Masanja, fundi wetu, ili nisije nikageuka.

Mama Zahra hakuwa mkorofi. Alikuwa amechoka kuzika samaki.

Mara mbili tuliwaleta kutoka Nkome, kando ya ziwa, ndani ya mapipa nyuma ya pikapu, mimi nikiwa nimekaa kando nayachota na kuyamwaga maji njia nzima ili wapate hewa. Mara mbili walikufa. Ni furu, wadogo, madume yao wa bluu wenye mkia mwekundu. Wavuvi walinicheka, maana kwao furu ni chambo. Lakini mmoja wao aliniambia kwamba tangu sangara wajae ziwani, kuna aina za furu ambazo hajaziona tena. Nilipolisikia hilo nikawa kama mtu aliyerogwa. Nilitaka hawa wachache wakae mahali ambapo sangara hafiki.

Waliacha kula, wakajibanza kwenye mawe, wakafa. Nililaumu maji ya kisima, nikalaumu saruji, nikamlaumu hata Mama Zahra na dawa yake ya mbu. Najuta.

Kosa lilikuwa kwenye chujio.

Masanja alichimba dhahabu miaka mingi huko Segese kabla ya kushika ufundi. Nilipomweleza kwamba maji lazima yasafishwe kila wakati, hakuuliza mara mbili. Alitengeneza kitu anachokijua: ubao ulioinama, umetandikwa magunia, maji yanapita juu yake na uchafu unanasa kwenye nyuzi, vilevile wanavyoosha udongo wa dhahabu. Maji yalitoka meupe hadi nikamkumbatia. Na kwa sababu ananipenda, hakutumia ubao mpya. Alileta ule wake wa zamani, uliomjengea nyumba, ili utuletee bahati.

Mama Zahra ndiye aliyegundua. Baada ya kufa samaki wa mara ya pili, aliingia kuyafua yale magunia mwenyewe, kwa hasira. Alitoka na mkono ameunyoosha mbele. Pete yake ya ndoa, dhahabu ya bibi yake, ilikuwa imegeuka nyeupe upande mmoja.

Huku kwetu hakuna asiyejua maana yake. Zebaki. Wachimbaji huimwaga ili ikamate dhahabu, na ilikuwa imejificha kwenye nyufa za ule ubao miaka yote. Tulikuwa tunawaosha furu kwa sumu.

Masanja alikaa kwenye ngazi ya jikoni akiinamisha kichwa, hata chai hakuigusa. Hakuna aliyemgombeza. Siku mbili baadaye alirudi bila kuitwa. Tukamwaga maji yote, tukatupa mchanga, tukaufukia ule ubao mbali na kisima, tukasugua kioo mpaka vidole vikachubuka. Akaranda ubao mpya, akashona magunia mapya. Pete ilipelekwa kwa sonara, ikarudi nyembamba kidogo.

Furu wa mara ya tatu waliingia mwezi mmoja uliopita. Walikula siku ya kwanza. Nilifurahi kiasi cha kufunga duka mchana kuja kuwatazama.

Sasa nakiri jambo ambalo sikumwambia mtu. Wiki mbili zilizopita jike mmoja aliacha kula. Akajibanza nyuma ya jiwe kubwa, mdomo umefumba, kidevu kimevimba, kama wale wa mwanzo walivyoanza. Nikanyamaza. Kila Mama Zahra alipokuja kutazama, nilisimama mbele ya ile kona na kuanza habari nyingine, bei ya pamba, shangazi yake wa Tabora, chochote. Mtu mzima na ndevu zangu, namficha samaki nyuma ya mgongo.

Asubuhi ya leo nikasikia sauti uani. “Mwangaluka, mama.” Mama Zahra akaitikia salamu kwa Kisukuma chake kizuri kuliko changu. Nikachungulia. Masanja ameleta mkokoteni wa matofali na mwiko wake.

Nilijua Mama Zahra ameshamwona yule jike, na ameita fundi aje kuziba ukuta.

Sikungoja kuulizwa. Nilitoka nikamwambia mbele ya Masanja kwamba ndiyo, yupo mmoja mgonjwa, nilimficha wiki mbili, nisamehe, chukua chumba chako. Masanja akatazama viatu vyake. Alidhani ni zebaki tena, maskini.

“Namjua huyo jike,” Mama Zahra alisema. “Ukienda dukani mimi ndiye ninayekaa naye. Njooni muone.”

Tulipiga magoti watatu mbele ya kioo. Jike alikuwa ametoka nyuma ya jiwe. Mbele ya uso wake kulikuwa na vitoto, vidogo kama punje za ulezi zenye macho, labda ishirini. Masanja alisogeza mkono, kivuli kikapita, na wote wakakimbilia mdomoni mwa mama yao. Akafumba. Baada ya kitambo akawatema tena, mmoja mmoja.

Alikuwa hali kwa sababu mdomo umejaa watoto.

Nililia, na sioni haya kuandika. Masanja alicheka kwa sauti, kicheko ambacho sijakisikia tangu siku ya pete. Nikamuuliza Mama Zahra, sasa haya matofali ya nini?

“Ya stoo yangu mpya, kule nyuma,” alisema. “Ulifikiri nitawahamisha wenye watoto?”

Amenitaka jambo moja tu: kesho asimwone Masanja akibeba matofali peke yake. Nimeshatoa shati langu kuukuu la kazi.