Mwandishi Niliyemchagua Mwenyewe

Nanyuki,
Jumatatu asubuhi

Baba Kemunto,

Ni mimi. Si Kemunto, wala si yule mwandishi. Ni mimi mkeo niliyesema kwamba unachonga mawe kila siku, na ni mimi niliyekubali maneno yale yawekwe kwenye tovuti bila kuyasoma. Yameshatolewa, tangu Ijumaa hayapo. Nimeliandika hilo kwanza kabla mkono haujaanza kuogopa.

Sasa nikusalimu. Hujambo mume wangu? Kifua je, vumbi la mawe bado linakukohoza asubuhi? Na mama yako anakula, au bado anasukuma sahani akisema mboga za chinsaga za siku hizi hazina uchungu kama za zamani? Mimi mwili wangu ni mzima. Baridi ya huku unaijua, ukiosha kikombe vidole vinakufa. Wageni wanapita wakienda mlimani, wanashuka, wanashikashika vinyago vya viboko na mabakuli ya mawe, wengine wananunua. Duka liko sawa. Asiye sawa ni mwenye duka.

Naandika kwa sababu simu zangu hupokei. Nimepiga mpaka mama wa duka la jirani akaniuliza, "Mama Kemunto, umepata mpenzi anayekutesa?" Nikamwambia ni yule yule wa zamani. Alicheka peke yake. Barua hii nampa Ombati, dereva wa lori linaloniletea vinyago vyako, akutie mkononi. Na nimeiandika kwa Kiswahili, siyo kwa lugha yetu, kwa sababu nataka pasta naye aisikie, na yeye ni mtu wa Taita. Hapo penye mpenzi usimsomee.

Najua habari hii uliletewa vipande vipande, kila mtu na kipande chake. Acha nikupe yote.

Tovuti ya duka ilitengenezwa na Kemunto, hilo unalijua, na hapo siombi msamaha kwa kujisifu. Mimi niliyeachia shule darasa la saba kule Gesima, binti yangu ana ofisi Kisii mjini, ana meza yake na kiti kinachozunguka, na wanaume wenye tai wanamwambia "tafadhali madam". Nimewaambia watu wote wa barabara hii. Aliyekuwa hajaambiwa ni yule aliyefungua kibanda cha chai wiki jana, na sasa naye ameambiwa.

Basi Kemunto alinipigia akasema, "Mama, picha peke yake hazitoshi. Mtu akiona bakuli anataka kujua jiwe limetoka wapi, nani amelichonga, msasa umepigwa na nani. Tutafute mwandishi." Nikamuuliza mwandishi wa nini na yeye mwenyewe amesoma. Akasema hiyo ni kazi ya watu, kuna waandishi wa kujitegemea wanaoketi kwao nyumbani, unawapa kazi moja, wanaiandika, unawalipa, wanaenda kwa mwingine. Akatangaza mtandaoni. Walikuja wengi! Kemunto akawachuja, wakabaki wawili, akawapa kila mmoja aandike kidogo tu juu ya bakuli moja, lile lako la samaki wawili, tuone nani anajua kazi.

Wa kwanza ni binti wa Ikonge, anaitwa Moraa. Huyo kabla hajaandika neno alituma maswali. Bakuli linachongwa kwa patasi au kwa panga? Samaki wana maana gani kwa mzee mwenyewe? Naweza kuzungumza naye? Naweza kufika nimwone akifanya kazi? Mimi nikasema, "Huyu ni mwandishi au ni mama mkwe?" Alichoandika mwishoni kilikuwa kifupi, Kiingereza chepesi, hata mimi nilikielewa. Na hapo ndipo nilipokosea, Baba Kemunto. Nilikielewa, nikakidharau. Nikaona kama naelewa mimi, basi si cha mtu aliyesoma.

Wa pili ni kijana aliyejiita Kelvin. Alimaliza siku hiyo hiyo. Kiingereza kizito, maneno marefu, na katikati yake jina lako, na wewe ukiitwa bingwa na urithi wa dunia nzima. Nikamwambia Kemunto, huyu ndiye.

"Mama, huyu hajauliza hata swali moja."

"Aulize nini na anajua?"

"Anajuaje na hajawahi kufika kwetu?"

"Kemunto, duka ni la nani?"

Akampa Kelvin kazi. Mtoto wako ana adabu, unajua alivyo.

Ni mimi niliyemsukuma huyo Kelvin anipigie simu anihoji. Tuliongea kwa Kiswahili. Akauliza unafanya kazi namna gani, na mimi, mbele ya wateja wawili waliokuwa wakinisikiliza, nikapanua kifua. Nikamwambia mume wangu si kama hawa wa siku hizi, mume wangu hajui kupumzika, ukimtafuta utamkuta na jiwe mapajani. Akauliza, "Hata wikendi?" Nikasema, "Kila siku, kijana wangu! Kila siku!" Nilisema kila siku. Sikufikiri kwamba hata Jumamosi, Sabato yetu, ni siku. Mdomo ulikuwa unakusifu, akili ilikuwa imebaki nyuma. Kwa hiyo wanaosema kijana alitunga uongo, waambie waache. Alichofanya ni kuchukua neno langu akaandika kwamba wageni waje wakuone ukichonga kila Jumamosi asubuhi, kwa sababu ndiyo siku wageni wanasafiri.

Alipomaliza alinitumia maandishi, akasema nisome, nithibitishe, ndipo yawekwe. Nilifungua. Baba Kemunto, yalikuwa marefu kama siku ya njaa. Nikatafuta jina lako, nikaliona. Nikatafuta langu, nikaliona, nimeitwa mke mwaminifu. Kwingine kote niliona ukuta tu. Na neno Jumamosi kwa Kiingereza mimi nalijua, hata mtoto wa chekechea analijua, kama ningepita pale jicho langu lingegonga. Sikupita. Nikamjibu, veri gudi. Kemunto akapiga, "Mama, nikusomee nikutafsirie?" Nikamkaripia. Nikamwambia unadhani mama yako hakwenda shule? Nimesoma neno kwa neno, weka. Akaweka.

Halafu nikatuma linki kwa akina mama wote wa kanisa. Ndiyo, ni mimi. Nilitaka wakuone.

Yaliyotokea kanisani hayo wewe unayajua kuliko mimi, ulikuwa umesimama ndani yake. Mimi nilisimuliwa na dada yako Kerubo, nikakaa chini sakafuni kati ya mabakuli. Alisema wageni wale wanne waliosoma tovuti walifika nyumbani wakakuta mbuzi tu, wakaelekezwa kanisani. Alisema ulikuwa katikati ya viti na kikapu cha sadaka, umevaa lile koti la kijivu, mama mmoja mwenye kamera akasimama mlangoni akauliza kwa sauti yuko wapi mzee anayechonga kila Jumamosi asubuhi, wamekuja kumwona kama walivyoahidiwa. Na mzee wa kanisa akamwomba simu yenye maandishi hayo, akasoma. Kerubo anasema uliweka kikapu juu ya kiti polepole, ukatoka nje kuwapa wageni mkono na kuwaambia warudi Jumapili. Hata siku hiyo, na aibu yote ile, uliwapa mkono! Halafu baraza likasema usihudumu tena mpaka jambo lieleweke.

Jioni ukanipigia. Uliniuliza kitu kimoja tu: "Nani alisema mimi nachonga Sabato?"

Na mimi nikasema, "Muulize Kemunto, mambo ya kompyuta ni yake."

Hapo pia pasta asomewe. Asomewe mara mbili.

Nilipokata simu nilijiambia nitarekebisha kesho. Kesho yake nikasikia umemwambia mtoto asikanyage kwako. Nilingoja ajitetee. Nilijua ana kila kitu kwenye simu yake, jibu langu, sauti yangu nikimkaripia, angekuonyesha tu mambo yakaisha. Hakukuonyesha. Alinipigia mimi siku ya Ijumaa, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama, ile kazi ya Kelvin, ulisoma?"

"Nilisoma."

"Mama."

"Nilikwambia nilisoma."

"Mimi sikuulizi ili nimwambie baba. Nauliza ili nijue kama wakati mwingine nikusomee, bila wewe kuona aibu."

Nililia, Baba Kemunto. Mteja alikuwa ameshika twiga mkononi, akamrudisha kwenye rafu akaondoka taratibu kama mtu aliyeingia nyumba ya msiba. Nimejisifu juu ya mtoto huyu kwenye kila sikio linalosikia, halafu siku ya kumsimamia nikamtanguliza yeye apigwe. Nikamwambia, "Sikusoma. Sikielewi Kiingereza cha namna ile. Ondoa yote." Akaondoa tukiwa bado tunaongea. Kisha akauliza kama nimekula.

Kelvin nimemlipa haki yake na kumwambia kosa halikuwa lake lote. Alishangaa. Aliniambia, "Mama, mimi naandika juu ya mahali ishirini kwa wiki, hakuna mtu huniambia kitu baadaye." Nilimhurumia, lakini kazi sitampa tena. Nikampigia Moraa wa Ikonge mwenyewe, nikiwa nimejiandaa atanicheka.

Hakucheka. Akasema, "Kazi nitaifanya, mama, lakini siandiki kutoka kwa simu. Nitakuja niketi na mzee. Na nikimaliza nitawasomea kwa Kiswahili na kwa lugha yetu, nyote mkiwa mmekaa, mzee akikataa mstari natoa."

Nikamuuliza, "Na mimi nikikataa?"

"Wewe utasikiliza kama wengine."

Nikaona huyu tutaelewana, au tutagombana hadi uzee.

Sasa naomba kitu. Kemunto usimwite kwa simu, mwendee. Panda gari ufike hiyo ofisi, ingia na viatu vyako vya vumbi, na usiogope yule askari wa mlangoni, mwambie wewe ni baba yake. Hutahitaji kusema mengi, akikuona mlangoni itatosha. Nilichomfanyia mimi nitamwomba msamaha mwenyewe, hilo siwezi kukutuma wewe.

Na baraza la kanisa mimi nitalikabili. Nimeshampigia mzee wa kanisa, amekubali waje nyumbani na pasta wanisikilize. Najua Meza ya Bwana ni Sabato ya wiki ijayo, na mwenye kubeba mabeseni ya kutawadhana miguu ni wewe, miaka yote nimekuona ukipima maji kwa kiwiko yasiwe baridi kwa wazee. Nataka uyapime tena. Nitasimama mbele yao wote, hata wale akina mama niliowatumia linki, niseme kwamba mume wangu akifika Ijumaa jioni anafunika mawe kwa gunia na hayafunui mpaka jua la Jumamosi lizame, na kwamba mimi mke wake naijua saa hiyo kuliko mtu yeyote, maana ndiyo saa ulikuwa unaniambia nilete maji ya moto unawe vumbi. Nimelifanyia mazoezi dukani. Kila nikifika kwenye gunia naanza upya, lakini nitalimaliza.

Ukitaka kukaa na hasira yako baada ya hapo, kaa nayo, nitapika na wewe utakula ukiwa umenuna, tumewahi kuishi hivyo wiki nzima mwaka ule wa kuoza kwa ndizi. Ila usimnunie mtoto.

Msalimie mama, umwambie chinsaga nitamletea mimi, nitazichuma mwenyewe. Msalimie dada yako Kerubo, aliyenipa ukweli bila sukari. Msalimie mdogo wako Nyabuto anayechimba mawe kule shimoni, mwambie yale ya rangi ya waridi aliyotuma yameisha na wageni wananililia. Wasalimie wake wa ndugu zako wanaonipigia msasa, na watoto wao wote walionizoea na walionisahau.

Ombati atakufikia kesho kutwa. Mimi nafunga duka Alhamisi jioni na Sabato nitaishika njiani kwa dada yangu Gesima. Viti azima kwa jirani. Pasta, baraza, akina mama wa kanisa, Moraa na daftari lake, Kerubo, Nyabuto, na Kemunto akiwa ameketi upande wako wa kulia, watu wote waone.

Mkeo anayekupenda na kukuaibisha,

Mama Kemunto

Ni Jumapili hii, saa nane mchana. Waambie wote waje.