Malkia wa Nguo Nyeupe

Jumatatu, 4 Agosti

Mwanangu Salha kalala. Maharage yako jikoni. Nimemaliza sehemu ya kwanza ya filamu ya Kichina aliyoniletea shemeji Idi kwenye flashi. Ya zamani, ya wafalme na mapanga. Nimeitazama huku nanyonyesha, sauti chini, mama mkwe asiamke.

Mfalme hajui kuigiza. Naandika hivyo hivyo. Anatoa macho, anapiga meza, kila neno ngumi. Mtu mwenye ufalme apige kelele za nini? Jemadari afadhali, ila ndevu zimebandikwa, akigeuka unaona gundi. Halafu wanaruka juu ya mapaa, watu wazima, miguu inapiga hewa kama kuku kashikwa mbawa. Nimecheka mpaka mtoto kaachia ziwa.

Lakini malkia! Mumewe anamwambia anakwenda vitani, yeye anammiminia chai. Kikombe kinajaa, chai inamwagika, bado anamimina. Uso haubadiliki. Nilirudisha nyuma nikaitazama tena.

Na rangi zao. Uwanja mzima kijivu, mvua, kisha mwavuli mmoja mwekundu unapita katikati. Aliyepanga vile Mungu amlipe. Nimekaa kwenye chumba cha bati nimeona kitu kizuri namna ile.

Jumatano, 6 Agosti

Shemeji Idi kaja na habari. Ni mdogo wake mume wangu, ana banda la video ng'ambo ya barabara, hapa hapa Kerege. Anatafsiri mwenyewe kwa maiki. Kichina hajui hata salamu. Anatazama midomo na mapanga, anatunga. Sauti zote zake, mpaka za wanawake.

Sasa anataka Jumamosi mchana iwe ya kina mama. Wao wamemwambia hawaji kusikiliza dume linajibana koo. Wamenitaja mimi. Eti nikiwasimulia filamu pale bombani wanasahau ndoo zimejaa.

Niliishia darasa la saba. Hakuna aliyewahi kunitaka kwa kitu ninachokijua. Nimesema ndiyo kabla hajamaliza.

Nimempigia mume wangu Shabani, yuko Msata na lori. Kasema mama akikubali, yeye hana neno. Basi yote yako kwa mama mkwe. Na mimi naitaka kazi hii. Naitaka sana.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemwambia baada ya chakula. Mama mkwe ni mtu wa Bagamoyo mjini, wa heshima zake, hasemi sana. Alifiwa na baba mkwe mwaka jana, akakaa eda kule kule, alipotoka tukamchukua. Tangu aje hajavuka barabara.

Kasema, “Mwanamke na maiki, mbele za watu?” Kisha, “Nitakuja nione. Nikiona upuuzi, basi.”

Nashukuru hakusema hapana.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeharibu.

Banda lilijaa. Watoto mapajani, mama mkwe benchi la nyuma, kavaa baibui lake zuri. Sehemu ya pili sikuwa nimeiona. Idi naye haangalii kabla, anasema akiangalia kabla mdomo unakuwa mzito. Tuliingia hivyo hivyo, yeye wanaume, mimi wanawake.

Mwanzo vizuri. Wamecheka nilipotaka wacheke. Nilimfanyia malkia sauti ya chini, ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

Kisha ikaja sherehe. Ngoma, zumari, watu wamejipanga uwanja mzima, wote nyeupe. Malkia nyeupe kuanzia kichwani. Maua ya karatasi. Idi kadaka maiki: “Harusi hiyooo! Malkia kapata bwana mpya!” Kina mama vigelegele. Likapita sanduku jeusi la nakshi, wanaume wamelibeba mabegani wamelemewa. Idi: “Sanduku la bi harusi hilo, kanga tupu!” Banda lote likavunjika kwa kicheko. Mama Zuhura wa mihogo kapaza sauti, “Bi harusi gani kanuna kama kaolewa na mume wa mtu!”

Na mimi nikasema, kwa sauti ya malkia, “Jamani, nimependeza?”

Hapo kamera ikamsogelea. Uso ule ule wa siku ya chai. Nikajua hiyo si harusi. Lakini maneno yalishatoka na spika ni kubwa.

Nilipogeuka mama mkwe alikuwa amesimama. Kajifunga mtandio, katoka. Aliniachia mlango wazi na jua likaingia kwenye skrini.

Jumapili, 10 Agosti

Jana hadi usiku hakunisemesha. Nilipika, nikafua, nikamwogesha Salha, nikangoja hukumu. Nililia kidogo chooni. Nilishajiona narudi bombani na simulizi zangu za bure.

Leo baada ya chai kamwita na Idi. Katukalisha kwenye mkeka kama watoto.

“Yule mwanamke kafiwa.”

Idi kasema, “Mama, nyeupe ile? Na sanduku?”

“Ndani ya sanduku yumo mumewe. Nyeupe ni eda, we mtoto. Mimi uliniona na nini?”

Idi kainamisha kichwa. Kweli alimwona. Sote tulimwona, miezi ile yote, shuka nyeupe na kanga nyeupe. Tukaiona kwa Mchina tukapiga vigelegele.

Kasema alimjua kwa miguu. Anayekwenda kuolewa hakanyagi vile. Siku walipomtoa baba mkwe ndani, yeye hakuisikia sakafu, alikuwa anaikanyaga kujaribu kama ipo. Yule mama wa kwenye filamu anafanya hivyo hivyo. “Nani alimfundisha?” kauliza. Hakutuuliza sisi.

Mwaka mzima hajawahi kutuambia habari ya sakafu.

Nikasubiri aseme basi. Kasema, “Rudieni.”

Idi: “Mama, wameshaiona, wataniambia nimefulia!”

“Rudieni. Mmemzomea mtu kwenye msiba wake.”

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeiangalia sehemu ya pili tena na tena. Mwigizaji huyu ana adabu na kazi yake. Halii. Anaangalia mkono wa sanduku, kile kishikio tu. Aliyepiga picha naye kajua: kamwacha mbali, mdogo, weupe umemmeza, halafu kamleta karibu polepole. Filamu nyingi zao zina farasi wengi na moshi mwingi kuficha kwamba hakuna anayehisi kitu. Hii ina mtu mmoja.

Nimemwambia Idi pale tusiseme kitu. Kakataa. Banda likinyamaza watu wanajua umeme umekatika. Nimembembeleza. Kasema, “Shemeji, utaniua,” lakini kakubali.

Mama mkwe hajasema kama nina ruhusa au sina. Sithubutu kuuliza.

Jumamosi, 16 Agosti

Wamekuja, hata wengi zaidi. Nadhani walikuja kutucheka.

Nilisema kwenye maiki, kabla ya kuanza, kwamba wiki iliyopita tulikosea. Ile haikuwa harusi. Mama Zuhura kasema, “Ahaa! Ndiyo maana kanuna!” Kicheko. Nilicheka nao.

Ngoma zilipoanza Idi kaweka maiki yake chini. Mimi yangu nikaishika kifuani. Hakuna neno. Zumari tu, na feni.

Mmoja akauliza, “Umeme?” Mama Zuhura kamjibu, “Nyamaza we, mwenzio kafiwa.”

Basi wakamwona. Miguu ile. Mwanamke mmoja wa mbele kaanza kujifuta kwa upande wa kanga, kisha jirani yake. Wengi mle wamefiwa, na waume, na watoto. Sanduku lilipopita mama mmoja kasema taratibu, “Inna lillahi,” likaitikia banda zima, kwa Mchina wasiyemjua jina.

Nilishindwa kuangalia nyuma, alikokaa mama mkwe.

Alhamdulillahi. Sina neno jingine.

Jumatatu, 18 Agosti

Mvua ndogo asubuhi. Shabani karudi, kalala kama gogo, viatu mlangoni vimejaa vumbi la Segera. Salha kaota jino la chini.

Nilikuwa nachambua mchele uani. Mama mkwe kaja kukaa karibu, kamchukua mtoto mapajani. Kuku wa jirani wanapita. Baadaye kauliza, kama mtu anayeuliza habari za ndugu wa mbali:

“Yule mama, waliishia kumwoza tena?”

Nikamwambia filamu haijafika huko. Iko sehemu ya tatu, tunaionyesha Jumamosi.

Kafikiri. Mtoto anamvuta kidole.

“Asiharakishwe,” kasema. “Uwaambie kwa sauti yake. Salha utaniachia mimi.”

Nikaendelea na mchele. Sikuona vizuri mawe, ikabidi nirudie sinia nzima.