Inchi Tano za Paa la Roki

Jumatatu, 8 Julai 1996

Kazi ya leo: kifungo kimoja. Kimoja tu! Mwalimu wa Kawetele kanunua koti la mtumba sokoni, zito, zuri, bei ya kuokota, limepungukiwa kifungo cha juu. Hiyo ndiyo riziki tuliyobakiziwa mafundi cherehani tangu marobota ya mitumba yaanze kumwagwa hapa Tukuyu. Siku hizi nani anakuja kupimwa? Ndiyo maana naandika haya nyuma ya daftari la vipimo. Kurasa zimebaki nyingi.

Ila mfukoni mwa koti, ndani kabisa, nimekuta picha iliyokatwa gazetini. Gari. Paa limeshushwa chini, madirisha membamba kama macho ya mtu anayesinzia. Nimeitazama mpaka chai imepoa. Nikamwuliza mwalimu kama anaitaka, akasema yeye kanunua koti tu.

Jumatano, 10 Julai

Asajile kaleta gari kwa kaka Rahim. Gereji ni huu huu ua wetu wa mtaa wa Bagamoyo, hapa Tukuyu — kaka na mashine yake ya kuchomelea upande wa barabarani, mimi na cherehani yangu barazani. Gari lenyewe ile Roki, jipu fupi ya mradi uliofungwa. Siku ya mnada watu walikabana makoo kwa ajili ya Land Cruiser, Roki hakuna aliyeinyooshea mkono. Ilikaa miaka mitatu chini ya miparachichi, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Mzee Anyelwisye, baba yake Asajile, ndiye aliyeichukua mwisho. Kamwambia mwanawe: ukiifufua, yako.

Asajile anataka kuingia nayo maonyesho ya Nane Nane Mbeya, watu wageuze shingo. Alisema rangi nyekundu na viti vipya. Viti ni kazi yangu. Nikamwonyesha picha. Kijana kaishika kwa mikono miwili, kasema ndiyo hii.

Rahim kanivuta pembeni. Nani kanituma? Paa halikatwi, paa ndilo linaloshika bodi. Lakini mteja kang'ang'ania, basi kaka kakohoa, kavuta suruali juu, kasema kwake hiyo ni kazi ndogo. Mtu huyu!

Ijumaa, 12 Julai

Tumegombana baada ya chakula. Mpango wa Rahim: kata nguzo zote, toa inchi tano, shusha paa, chomelea. Kwisha. Nikamwambia halitakutana. Nguzo za mbele zimelala — chini ziko mbele, juu zimerudi nyuma. Ukitoa kipande cha katikati, cha juu hakifiki. Ni sketi ya kupanuka ile. Toa mkanda katikati ya sketi, halafu jaribu kuunga juu na chini uone kama vinalingana. Haviwezi! Lazima uongeze kitambaa juu. Hapa uongeze bati: paa likatwe katikati, liwekwe kiraka, lirefuke.

Kaniambia sketi na gari wapi na wapi.

Nikasema, "Kata unavyojua wewe. Likigoma kukutana, tunafuata karatasi niliyochora mimi, na jina langu linaingia kwenye ubao."

Kacheka mpaka kikombe kikamtikisika. Kakubali. Mama alikuwepo, ni shahidi.

Ubao uko pale barabarani tangu baba afariki: RAHIM FUNDI BODI. Ua ni wa baba, na mkasi kanifundisha baba. Miaka minne nashona viti vya magari ya watu, wenye magari wanamshukuru Rahim. Nautaka ule ubao. Hapa najiandikia mwenyewe, sina wa kumficha — nautaka sana.

Jumatatu, 15 Julai

Nimempima Asajile. Mrefu yule, jamani, kama mgomba! Nimemkalisha kwenye kiti cha dereva, nikachukua tepu toka kiti mpaka utosi, nikaandika. Viti nilishavivua, sponji za kale nimezitupa — zimejaa mavi ya kuku — kwa hiyo nilimtandikia gunia juu ya springi asijichome. Toa inchi tano, juu ya kichwa chake zinabaki vidole vinne. Safi. Rahim kauliza kama nina hakika. Nimemwambia nimepima watu kabla yeye hajajua kushika nyundo. Uongo huo, ni mkubwa kwangu miaka sita.

Alhamisi, 18 Julai

Paa limetoka! Wanaume wanne wamelibeba wakaliegesha ukutani. Manyunyu tangu asubuhi, ukungu mpaka kwenye mlango wa jiko, na Roki imekaa katikati ya ua bila kichwa. Watu wamejaa barabarani. Mmoja kauliza kama tunatengeneza mtumbwi wa Ziwa Masoko. Kila mtu kacheka, hata Rahim, ila cheko lake halikufika machoni. Anaogopa. Mimi siogopi hata kidogo, nashangaa mwenyewe.

Jumamosi, 20 Julai

Wameliweka kwa njia ya Rahim. Nyuma limekaa. Mbele — pengo! Vidole vinne, upande huu na upande ule. Kalivuta kwa jeki, kalivuta kwa kamba, kaligonga. Limebaki pale pale.

Nilikuwa napiga pasi. Nimepiga pasi shati moja mara tatu kwa furaha.

Saa kumi kaja barazani, kasimama, kasema, "Haya, lete hiyo karatasi."

Jumanne, 23 Julai

Tumefanya kazi pamoja siku nzima, mimi na kaka yangu. Haijawahi kutokea. Nimechora kwa chaki juu ya bati, mstari kwa mstari, yeye anakata. Kiraka kimetoka kwenye pipa la mafuta, nililipima kwa jicho nikamwambia anza hapa, ishia hapa. Mara ya kwanza alibisha. Mara ya pili aliuliza. Baadaye akawa ananisubiri nichore. Jirani kaja kulalamika kwamba mashine ikiwaka taa zake zinafifia, Rahim kamjibu aende akamwambie fundi — kaninyooshea kidole mimi! Labda alikuwa anatania. Mimi nimeipokea hivyo hivyo.

Jumapili, 28 Julai

LIMEKAA. Nguzo sita, zote. Ukipitisha ukucha kwenye maungo husikii kitu. Mama kaja na mbuzi yake ya nazi akakaa hapo hapo uani, anakuna nazi huku anatazama. Kasema laiti baba yenu angeliona hili. Nimelia kidogo, nikasingizia moshi.

Alhamisi, 1 Agosti

Viti. Nimenunua godoro zima la inchi nne, nimelikata — hakuna kuunga-unga vipande. Reksini nyeusi ile ya kuiga ngozi, mshono mwekundu, mistari ya kudarizi kwenye mgongo. Nimejitahidi kupita kiasi, najua, lakini hii ni kazi itakayotazamwa na Mbeya nzima. Asajile kapita, kabonyeza kiti kwa kiganja, kasema angeweza kulala hapa. Mzee Anyelwisye bado hajaja kuliona gari. Asajile anasema baba yake haamini, anadai tumeharibu gari zima. Atakuja Jumatano, na asiporidhika gari haliendi kokote.

Jumatatu, 5 Agosti

Kioo cha mbele kimekatwa Mbeya na kimefika kizima, alhamdulillah. Rangi imepigwa. Nyekundu kama pilipili. Kwa baridi hii inakauka kwa kubembelezwa, Rahim kawasha majiko mawili ya mkaa pembeni. Nimemkumbusha habari ya ubao. Kasema kesho kutwa, rangi ikibaki. Nimemwambia itabaki. Nimeficha kopo moja chini ya kitanda.

Jumatano, 7 Agosti

Asubuhi

Kaandika! Kwa mkono wake. Kwanza alitaka kuandika RAHIM NA DADA. Nikakataa, dada ana jina. Basi: RAHIM NA MWANAJUMA, MAFUNDI BODI. Herufi zangu zimebanana kidogo mwishoni kwa sababu hakuanza na hesabu, angeniuliza ningempimia. Si neno. Rangi bado mbichi. Nimekwenda mpaka ng'ambo ya barabara nikausoma kutoka kule, halafu kutoka dukani, halafu nikarudi.

Sasa navifunga viti. Mzee anakuja saa nne.

Saa tatu na nusu

Nimefanya upumbavu. Ngoja niuandike wote, usije ukajibadilisha kichwani.

Nimevifunga viti, nimekaa kwa dereva, nimeshika usukani. Raha tupu. Mimi ni mfupi. Nikamwita Rahim naye akae aone. Kakaa. Kofia yake ikagusa paa. Kavua kofia. Nywele zikagusa paa. Na Rahim kwa Asajile anafika masikioni.

Kakaa vile vile, kichwa kimeinama upande. Akaniuliza taratibu, "Ulimpima amekalia nini?"

Gunia. Nilimpima amekalia gunia, halafu mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, nikaweka godoro la inchi nne chini yake! Miaka yote hii mteja akija kupima suti namwambia aje na viatu atakavyovaa. Kila mmoja namwambia! Na kiti nilijua nitakishona mimi. Nilipopima nilikuwa fundi wa paa, nilipokata godoro nikawa fundi wa viti, na hao wawili hawakusalimiana.

Rahim katoka garini. Kachukua kitambaa, kakichovya kwenye petroli, kaelekea kwenye ubao. Rangi mbichi ile, mpanguso mmoja tu.

Nimemwambia, "Kosa ni langu. Futa ukitaka. Lakini kwanza nipe msumeno."

Kasimama. Kaniuliza msumeno wa nini. Nikamwonyesha: fremu ya kiti ina miguu minne ya chuma, kila mguu kama kiganja. Paa halipandi tena, lakini kiti kinashuka. Toa inchi tatu kila mguu, chomelea tena sakafuni. Godoro linabaki, kichwa kinapata nafasi yake. Kasema haiwezekani kabla ya saa nne. Msumeno nimekwenda kuuchukua mwenyewe.

Sijawahi kukata chuma. Kuchora nimechora, kukata alikuwa anakata yeye. Mguu wa kwanza niliukata mshazari. Wa pili afadhali. Wa tatu nilipouanza nikaona mtu kaushika usicheze. Rahim. Hakuniangalia. Kitambaa cha petroli kakitupia begani. Tumemaliza minne ya dereva, minne ya abiria.

Na hapo ndipo umeme umekatika.

Saa nne kasoro kidogo

Hakuna umeme. Jirani hana, duka halina, mtaa mzima. Viti viko chini, havijashikwa na kitu, ukikaa unateleza. Nimevipanga kwenye alama zake nilizochora kwa chaki. Nimekaa kwa dereva na daftari, kwa sababu nikitoka nitaanza kuzunguka ua kama kuku. Rahim kasimama kando ya mashine, mkono kwenye swichi, kama vile umeme utamwonea aibu. Kitambaa bado kiko begani.

Nikikaa hivi naona: nafasi ipo. Juu ya kichwa changu naweza kusimamisha tepu. Asajile ataenea. Ataenea kabisa! Kinachotakiwa ni robo saa ya umeme. Paa ni zuri. Nasema hivi hata wakilikataa, paa ni zuri na nimelichora mimi.

Wamefika. Nasikia pikapu inazimwa. Sauti ya Asajile, anacheka kwa woga. Mzee anawasalimia watu wa barabarani mmoja mmoja, mugonile, mugonile, hana haraka yule. Sasa nyayo zake zimesimama. Nadhani kafika kwenye ubao — ndiyo, anausoma kwa sauti, neno kwa neno. Rahim. Na. Halafu anauliza:

"Mwanajuma ni nani hapa?"

Kwenye hili dirisha langu jembamba namwona kaka. Kashusha kitambaa toka begani, kakishika mkononi. Umeme bado. Mzee anauliza tena.

Ngoja nitoke nikajibu mwenyewe. Na kipande cha mguu wa kiti ninakwenda nacho, nimwonyeshe kosa na dawa yake.