Moshi wa Jenereta ya Rapsu

Rapsu, 3 Februari 2025

Faiza wa Babu,

Salaam aleikum. Mimi mzima, goti tu limestaafu kabla yangu. Simu ilizama ndani ya birika la kunyweshea ngamia, ndio nakuandikia; dereva wa basi atakuletea.

Umeuliza jenereta ya kisima chetu inakunywa dizeli ngapi kwa mwezi, upime moshi wake. Inakunywa kidogo tu. Andika lita arobaini. Lakini hiyo yako kwamba lita moja ikiungua inatoa hewa ya kaboni zaidi ya kilo mbili na nusu, hapo wamekudanganya. Lita yenyewe haifiki kilo. Hata ngamia hanyi mavi mazito kuliko majani aliyokula.

Babu yako, Duba

Nairobi, 10 Februari

Babu,

Aleikum salaam. Pole na goti. Ngamia hali majani peke yake, anakunywa maji pia. Moto nao unakula dizeli na unavuta hewa, vyote vinatoka pamoja. Ndio uzito unazidi.

Sasa kuna shida. Shirika letu litaweka sola kwa visima vitano vyenye moshi mwingi zaidi. Kwa lita arobaini, Rapsu ni ya mwisho. Na jenereta ya kuvuta maji asubuhi hadi jioni haimalizi mwezi kwa lita arobaini. Babu, ulinihesabia dizeli kama unavyowahesabia wageni ngamia?

Mjukuu wako, Faiza

Rapsu, 16 Februari

Faiza,

Salaam. Umenishika. Mtu akiniuliza niko na ngapi, mdomo unasema "wachache" kabla kichwa hakijaamka. Nani anataja mali yake yote ipatwe na jicho baya?

Ni lita mia tatu na ishirini. Muulize Yattani anayetuletea mapipa. Nimeandika huku natema mate, jicho lisituone.

Babu yako

Rapsu, 2 Septemba

Faiza wa Babu,

Salaam aleikum. Goti limezoea. Sola inavuta maji tangu Ijumaa, jenereta imelala na kuku ametaga juu yake. Jana nilisikia ngamia wakinywa. Miaka yote hiyo nilisikia injini tu. Nimemshukuru Mungu, kisha wewe, kisha kuku.

Yattani anasema umesoma sana. Nikamwambia, amesoma, lakini mdomo wa kubishana ni wa kwetu.

Yule ngamia jike mweupe amezaa. Ni wako, pamoja na mtoto wake. Mimi nimebaki na wachache.

Babu yako, Duba