Basini ya Furaha

Alhamisi, jioni

…na mikono ilikuwa inaniwasha! Niliikalia, kweli, ili nisimunyang'anye binti wangu Furaha ile basini, beseni letu la maji. Alikuwa anashona plastiki iliyopasuka na uzi wa nyavu, vile watu wa ziwa wote wanafanya, lakini anavuta kwa nguvu mpaka uzi unakata plastiki.

«Mama, usiniangalie hivi.»

«Sikuangalii.»

Kisha akapasha kisu moto, akayeyusha kipande cha sandali ya zamani ya plastiki juu ya mushono. Akaungua kidole. Hakulia.

Jumapili, siku ya Mungu, ninapanda boti, ninaenda Moba kumuuguza mama yangu, na bwana wangu, papa ya watoto, analala ziwani na nyavu. Kitu kikiharibika hapa nyumbani, nani atawatengenezea? Ninaogopa, ndiyo vile.

Furaha amelala na furaha yake. Basini imejaa maji juu ya matofali mawili, na inavuja, tone kwa tone. Nilikuwa nimeshika kisu tayari, niizibe bila yeye kujua.

Nimekirudisha pale alikiacha. Chini ya basini nimeweka sahani ya bati, ili asubuhi tone alisikie yeye mwenyewe.