Homa ya Bosko

Ploti ya Nduku, Nyumba Na. 6,
Mugutha, Ruiru.
14 Juni 2025.

Mpendwa binamu yangu Marvin,

Nadai hivi, na nitalitetea dai langu hadi mwisho wa barua: mama yako hakumpuuza Bosko, mbwa uliyemwachia ili asikae peke yake. Aliutambua ugonjwa kabla yetu sote, akautaja kwa jina, na aliyemnyamazisha ni mimi.

Sasa nikusalimu, maana hata mwenye hoja hana budi kujulia hali. U mzima? Jua la Doha limeanza kuwachoma, au wamekuhamishia lindo la kivulini? Sisi tu wazima wa mwili. Mvua ilichelewa kukatika na njia ya kutoka stesheni bado ni tope tupu. Mama yako, senje Jentrix, anaamka alfajiri kama kawaida kwenda kwenye shamba la maua. Amekonda. Sababu unaijua, nawe ni sehemu yake.

Ningeweza kukupigia. Nimechagua kalamu kwa sababu simuni ningebishana. Dianah, anayerudi huko kazini Jumanne baada ya likizo yake, ndiye anayekuletea barua hii.

Mambo yalianza katikati ya Aprili. Bosko alianza kuvuta pumzi kwa kelele, kama mtu anayeburuta kiti sakafuni. Alikuwa akiacha chakula, anainua pua, anakoroma akiwa macho, kisha anarudi kula. Asubuhi moja senje aliniita uani. "Boaz, huyu mbwa ana homa. Sikia vile anavuta."

Hapo ndipo shahada yangu iliponiponza. Nilisomea Kiswahili miaka minne, na unajua nisivyoweza kuliacha neno lipite hivi hivi. Nikamweleza kwamba homa ni joto la mwili kupanda, na kwamba anachokisema yeye ni mafua. Nikatafuta kipimajoto, nikampima Bosko kwa njia ambayo hakuifurahia hata kidogo, nikapata thelathini na nane nukta sita. Nilikuwa nimesoma kwamba mbwa mzima hufika hapo. "Hana homa, senje," nikatangaza.

"Haya, basi wewe na kitabu yako mtamvutia pumzi," akanijibu, akachukua mwavuli wake akaenda.

Kwenye kundi la ukoo niliandika aya saba. Nilieleza habari za mbwa wenye pua fupi, ingawa pua ya Bosko ilikuwa ndefu kama mwiko. Nilieleza chafya ya kinyume, ile ambayo hewa huvutwa ndani badala ya kutolewa. Nikamalizia kwa mzaha: "Senje wetu amegundua ugonjwa mpya, homa isiyo na joto." Mlicheka. Wewe mwenyewe uliweka nyuso tatu za kicheko. Senje alisoma.

Alichofanya ni kunisihi nimpigie daktari wa mifugo. Nikampigia Daktari Muoki wa Thika, senje akiwa kando yangu. Daktari aliuliza, "Ana homa?" Nikajibu kwa fahari kwamba hana, nimehakikisha. Senje akanivuta shati: "Mwambie pua inatoa maji, hii upande moja." Nikamwonyesha kiganja anyamaze. Daktari akasema kama hana homa, huenda ni vumbi linamsumbua, tumtazame kwanza.

Tukamtazama wiki tatu. Maji yakawa usaha, usaha ukachanganyika na damu, kila mara tundu la kushoto. Senje alimpangusa kwa kitambaa na maji ya vuguvugu kabla ya kwenda kazini. Mimi nilikuwa bado nasoma habari za pua za mbwa. Tulipomfikisha Thika kwa pikapu ya jirani, daktari aliinua kichwa cha Bosko mara moja tu, akanigeukia.

"Si uliniambia hana homa?"

"Hana joto, daktari. Nilipima."

"Nani alikuuliza joto? Nilikuuliza homa! Homa, kijana, hii ya pua!"

Senje alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema kwamba alinionya. Ningepata nafuu kama angesema.

Fikiria, Marvin. Huku kwetu bara, mtu akipiga chafya husema ana homa, naye kila mtu humwelewa. Senje, Mluhya, alilisema; daktari, Mkamba, akaliuliza; wakawa wanaelewana kabla ya kuonana. Aliyesimama katikati yao na kamusi ndiye aliyewapoteza. Kamusi haikukosea. Nilikosea mimi niliyelichunguza neno nikaacha kuitazama pua iliyokuwa mbele yangu.

Nitautaja na upande wa pili wa hoja, maana najua utauliza. Hadi leo daktari hajui ni nini kilichokuwa mle ndani: labda punje ya nyasi, labda uvimbe. Alitaka kumpa dawa ya usingizi amchungulie, lakini kifua kilikuwa kimeshashikwa, akahofia hataamka. Wiki tatu nyuma, alisema, angethubutu. Sidai kwamba Bosko angepona. Nadai kwamba alinyimwa nafasi, na aliyemnyima si mama yako. Bosko alikufa siku ya nne tangu tumfikishe Thika, Ijumaa adhuhuri, kichwa kikiwa mapajani mwa senje, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini.

Ndipo ukaandika kwenye kundi: "Mama, nilikuachia kitu kimoja tu." Ukoo mzima ukasoma. Mimi pia nikasoma, mimi nisiyekosa jibu, nikanyamaza wiki tatu nikimwacha aibebe lawama yangu. Hilo linaniuma kuliko kosa la neno. Nilipomuuliza kwa nini hakujitetea, alisema, "Ningesema nini, na mimi sijui Kiswahili?"

Tangu siku ile hujampigia. Simu ikilia anapangusa mikono kwanza, anaitazama, kisha anairudisha mezani.

Dada yangu Mourine anakusalimu sana, pamoja na Mama Perez wa kanisani ambaye bado anakuombea kila Jumapili. Mwenyezi Mungu akutunze katika nchi ya watu, akupe afya, na akurudishe kwetu ungali na mama wa kukupokea.

Jibu nalitaka, na silitaki kwa siri. Dianah akishakukabidhi barua hii, nitaiweka kwenye kundi la ukoo, kila ukurasa. Ukiona hoja yangu ina kasoro, nipinge papo hapo, mbele ya wote. Ukiona nimesema kweli, mwandikie mama yako papo hapo, umtaje kwa jina, nasi wote tusome.

Ni mimi binamu yako, nikupendaye hata ukinikasirikia,
Boaz