Baba Penina, Binti Yako Anatoka kwa Baiskeli

Penina anaolewa, Baba Penina! Anaolewa, na kanisani anakwenda kwa baiskeli, anaendesha mwenyewe, na gauni lake jeupe, na anayetaka kucheka acheke mpaka mbavu zimuume.

Haya, sasa nikusalimu. Mume wangu mpendwa, huko uliko najua umeshasimama, umeshika kiuno, unasema, "Hebu rudia." Narudia. Binti yako, yule uliyempa jina la mama yako mzazi, sasa ni muuguzi kamili. Anawachoma sindano wanaume wazima wa mji huu na wanafumba macho kama watoto wa chekechea. Kila asubuhi anatoka Mwankoko kwa baiskeli, anafika kazini gauni la kazi halina hata mkunjo. Nani mwingine ana mtoto kama huyo? Mimi sijamwona.

Barua hii si ya siri. Shule yangu ni ya darasa la saba, unaijua, lakini mwandiko wangu hata wewe uliusifu. Nimemwambia Penina aiweke kwenye lile kundi la ukoo la kwenye simu, isomwe na wa hapa Mwankoko na wale wa Mkiwa pia. Wewe huko simu huna, lakini kaka yako Elia anayo, na ana tabia ya kusoma kimyakimya bila kujibu. Soma, shemeji. Leo utasoma mpaka mwisho.

Kwanza nikueleze mkwe wako. Anaitwa Yohana, mwalimu wa hesabu, mtu wa Ilongero. Walikutana barabarani. Mnyororo wa baiskeli ya Penina ulikuwa umetoka, huyu kijana naye akasimama na baiskeli yake akasema, "Dada, nikusaidie?" Kumbe maskini hajui mnyororo unarudishwaje. Penina akampa mkoba ashike, akainama akaurudisha mwenyewe, akafuta mikono kwenye majani. Yohana akasema, "Basi mimi nitasema nilisaidia mkoba." Penina alifika nyumbani anacheka peke yake jikoni, nikajua hapa mambo yameiva.

Mahari ilikwisha vizuri, kwa heshima. Mama yake Yohana ni mtu wa maneno machache, aliniambia tu, "Mama Penina, sisi kwetu baiskeli ndiyo gari." Nikampenda papo hapo. Shida ilianza siku tuliyokaa kupanga msafara wa harusi.

Unajua desturi yetu. Baba akiwa hayupo, kaka yake ndiye anayemshika binti mkono na kumkabidhi. Bila mkono ule, wazee wanaona kama mtoto ametoroshwa. Kwa hiyo Elia alikaa mbele, kofia magotini, akatangaza, "Gari nimeshapata. Jeupe, vioo vyeusi. Mtoto wa marehemu hatatoka kinyonge."

Penina akapiga goti, akamshukuru kwa adabu zote, halafu akasema, "Lakini baba mkubwa, mimi nitakwenda kwa baiskeli."

Jamani, Elia akaishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Kwa nini?"

"Ndiyo naendea kazini. Ndiyo baba alinipelekea shule. Na Yohana atakuja na yake."

Elia akawageukia watu. "Wenzangu, huyu ni bibi harusi au tenga la kuku kwenye keria?" Watu wakacheka. Nikawaacha wamalize, kisha nikamwambia, "Shemeji, hayo matenga unayoyacheka ndiyo yaliyomsomesha. Na kuku wangu wanapanda basi mpaka Dar es Salaam. Wewe Dar umekwenda lini?" Wakacheka tena, sasa wakimwangalia yeye.

Mdogo wako naye, mpenda amani, akaleta lake. "Basi tufanye hivi, bibi harusi akae kwenye keria, upande upande, Yohana amwendeshe. Si atapendeza?"

"Sibebwi, baba mdogo," Penina akasema. "Naendesha."

Hapo Elia akasimama. Sauti yake haikuwa ya utani tena. "Mji huu si wa baiskeli. Miji ya baiskeli iko Ulaya, nimeiona kwenye televisheni. Na mimi sitamkabidhi mtoto wa ndugu yangu juu ya kitu kilichomuua ndugu yangu." Akaacha chai yake inafuka moshi, akaondoka. Mpaka leo hajakanyaga kwetu.

Mume wangu, nikubali kwamba neno lile lilinichoma. Lakini mimi ni mtu wa kujibu, na jibu langu ni refu.

Unakumbuka uwanja wa shule, jua likianza kupoa, mimi bado mgeni katika nyumba yenu? Wewe unanifundisha baiskeli, umeshika kiti nyuma, unakimbia na viatu vya mpira, unapiga kelele, "Angalia mbele! Tairi usiliangalie, linajua kazi yake!" Nikaangalia tairi. Nikaingia kwenye mtama wa watu na baiskeli juu yangu. Ulicheka mpaka ukakaa chini, mwenye shamba anafoka, na wewe huwezi hata kuomba radhi kwa kicheko. Mama yako aliniambia mwanamke akipanda baiskeli uzazi unafunga. Nikamzalia wajukuu watano, wote wazima, na wa tatu nilikwenda kumzaa nikiwa kwenye keria yako, wewe unakanyaga pedeli na kuniimbia nisisikie uchungu. Uliimba vibaya sana. Uchungu niliusikia, na wimbo pia.

Halafu ukaniruhusu niende mjini peke yangu na tenga la kuku nyuma. Wengine waliona aibu kwa niaba yako. "Mkeo anapita mjini na baiskeli ya dume, watu wanamwangalia!" Ukawajibu, "Waangalie, ni mzuri." Neno hilo nimelikalia mpaka leo kama kiti cha enzi.

Na ile asubuhi ya darajani sitaikwepa. Ulikuwa umebeba alizeti kwenda kukamua. Ulikuwa na akili zako, hukulewa, hukukimbia, kengele ilikuwa inalia vizuri. Lakini lami pale ilikuwa nyembamba, kingo zimemomonyoka, pembeni ni shimo. Lori likaja nyuma yako likapiga honi, na wewe hukuwa na mahali pa kwenda. Basi. Sitasema zaidi, unajua yote kuliko mimi.

Tulipomaliza matanga, Elia alikuwa ameifungia baiskeli yako stoo kwake. Alisema anawauzia wanunuzi wa chuma chakavu. Nilikwenda na kanga yangu nyeusi.

"Shemeji, fungua stoo."

"Mama Penina, wewe huna uchungu?"

"Ninao. Ndiyo maana nasema fungua."

Fundi aliinyoosha rimu, akabadilisha spoku, na usukani ukabaki umepinda kidogo kwenda kushoto, mpaka leo naushikilia. Siku ya soko nikapita mbele ya nyumba ya Elia na kuku wangu, nikapiga kengele toka mwanzo wa ua wake mpaka mwisho. Watu walisema nimerukwa na akili. Nilikuwa na watoto watano, Baba Penina. Akili sikuwa na nafasi ya kurukwa nayo.

Maana mimi nilishajua jambo ambalo kaka yako hataki kulijua. Hukuuawa na baiskeli. Uliuawa na barabara iliyotengenezwa kama vile wewe hupo.

Ndiyo nikaanza kusema. Kila mkutano wa mtaa nilisimama. Mwenyekiti akiniona nanyoosha mkono anacheka, "Tunajua, mama, ukingo." Nami nasema, "Kama unajua, kwa nini haupo?" Nilisema juu ya ukingo kwenye mkutano wa maji, nikasema kwenye mkutano wa chanjo ya mbwa. Na barabara ilipokarabatiwa, pale darajani wakaipanua, wakaweka njia ya pembeni, baiskeli mbili zinapita bila kugusana. Watu wa barabara watasema ilikuwa kwenye mpango wao. Waseme. Mimi najua koo langu lilikauka wapi.

Sasa Elia anasema huu si mji wa baiskeli. Shemeji, mji wa baiskeli ni upi? Ule wa televisheni wenye rangi nzuri barabarani? Rangi ni nzuri, siikatai, waje wapake. Lakini mimi nimeendesha kwenye mji huu tangu nina kiuno chembamba, ngoja nikwambie.

Mji wa baiskeli ni ule ambao mama mwenye umri wangu anapita na hakuna anayegeuza shingo. Sisi tumefika hapo, na ni mimi niliyewachosha shingo. Ni mji ambao unatoka nyumbani na kufika sokoni kabla mboga hazijanyauka, kwa hiyo usiniletee mji mkubwa wa kutoka nyumbani saa kumi alfajiri ili uwahi. Kwetu hapa toka ziwa moja mpaka ziwa lingine ni mwendo wa kuongea habari moja tu, tena haijaisha. Ni mji ambao ukipata pancha, husukumi mbali, unamkuta fundi chini ya kivuli cha turubai na beseni lake la maji, anatumbukiza mpira anatafuta mapovu huku anakuuliza habari za watoto. Ni mji ambao unaegesha baiskeli sokoni, unarudi na pampu bado ipo. Mlinzi wa kazini kwa Penina zamani alikuwa anafungulia geti magari tu, wenye baiskeli wapite kwenye kimlango cha pembeni wakijikunja. Penina alisimama mbele ya lile geti kubwa, akapiga kengele, akapiga kengele, mpaka akafunguliwa. Sasa linafunguliwa kwa wote. Huyo ndiye mwanangu!

Na ni mji ambao dereva wa lori anakuona. Hilo ndilo kubwa. Anakuona kama mtu anayekwenda mahali, mwenye watu wanaomsubiri, anapunguza mwendo, anakupa nafasi yako. Bado hawajawa wote. Bodaboda nao wanaegesha kwenye ile njia yetu ya pembeni, na wauza nyanya wanapanga mafungu yao humo humo, nimegombana nao wiki iliyopita na nitagombana nao wiki ijayo. Upepo wa kiangazi unatusukuma nyuma kama mtu anayetudai. Sijasema mji huu ni kamili. Ninachosema ni kwamba miji haizaliwi ya baiskeli. Watu wanaendesha kwanza, kila siku, kwa ubishi, ndipo barabara inakubali.

Ndiyo maana Penina anataka kupita na baiskeli siku ile ambayo kila mtu atakuwa anamwangalia. Fundi cherehani amekwishamshonea gauni, pana lakini fupi kidogo chini, na Yohana amefunga kava kwenye mnyororo ili gauni lisinaswe. Kava amelifunga mwenyewe, tena sawasawa. Anajifunza. Wauguzi wenzake Penina wanakuja na baiskeli, walimu wanakuja nazo, akina mama wa kuku tunakuja nazo na matenga tunayaacha nyumbani siku hiyo moja. Tarumbeta watapanda bajaji, maana kupuliza na kukanyaga pedeli kwa pamoja kumeshindikana, walijaribu, mmoja yuko na plasta mdomoni.

Sasa shemeji Elia, najua umefika hapa. Mkeo ameniambia jambo, usimgombeze. Ameniambia kwamba tangu siku ya ajali wewe ukienda mjini unazunguka njia ya nyuma, ile ndefu yenye mchanga, usipite pale darajani. Miaka yote hii. Mimi nilidhani unaona aibu na matenga yangu. Nisamehe ulimi, lakini tenga la kuku nitaendelea kulijibu.

Gari siletewi. Hilo limekwisha. Lakini nakupa kitu ambacho sijampa mtu. Msafara ukifika darajani tutashuka wote, bibi harusi kwanza. Tutazikokota baiskeli taratibu, hakuna kengele, hakuna tarumbeta. Wewe utakuwa umesimama upande wa huku. Utamshika Penina mkono, mvuke pamoja kwa miguu kwenye ile njia ya pembeni, na upande wa pili Yohana atakuwa anasubiri. Umkabidhi hapo. Si mlangoni kwangu. Hapo, alipoishia baba yake. Halafu Penina apande baiskeli yake aende zake.

Usipokuja, nitamshika mkono mimi. Wazee waseme mtoto ametoroshwa, nitawajibu. Lakini mkono wangu unatosha kwa kila kitu isipokuwa hicho kimoja, nacho ni kufanana na wa marehemu. Wa kwako unafanana. Vidole vilevile.

Baba Penina, nimekuchosha. Gauni langu ni la kijani, umbo lipo bado, usiwe na wasiwasi. Nitaendesha ya kwako, nitaushikilia usukani usiende kushoto. Nakuaga kwa leo, mpenzi wangu, pumzika na wala usiamke kwa ajili ya tarumbeta.

Ninyi wengine wote, wenye baiskeli na wa kuazima, jazeni upepo mapema. Tunaondoka nyumbani kwangu Mwankoko saa mbili asubuhi, na shemeji asimame darajani saa mbili na nusu, Jumamosi ya pili baada ya Pasaka.

Mkeo,
Mama Penina